Mama hawezi ngazi, mtoto ana pumu: tukae mtaa gani Mji Mkongwe?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimepata kazi Unguja, ofisi iko karibu na bandari, na mwezi wa sita tunahamia familia nzima: mimi, mume wangu, watoto wawili (mmoja ana miaka 9, mwingine 4) na mama yangu mzazi mwenye miaka 71. Nataka tukae Mji Mkongwe ili niende kazini kwa miguu. Tatizo mama magoti yanamsumbua, na huyu mdogo ana pumu. Tuna gari dogo pia. Dalali ananivutia Shangani, anasema ndiko penye hadhi. Jamaa zetu wanasema Malindi kuna fujo, Kiponda giza, na wengine wananishauri niachane na Mji Mkongwe kabisa nikapange Ng'ambo. Nichague mtaa gani?

Marahaba, mwanangu, na karibuni Unguja.

Kama una haraka, jibu langu ni hili: anza kutafuta Vuga, na upande wa Mkunazini unaoelekea Mnazi Mmoja. Ukikosa, nenda Malindi na usitishwe na maneno ya watu. Shangani mwachie dalali wako.

Ila swali lenyewe linanitia wasiwasi kidogo. Mji Mkongwe wote ni hekta 96 tu. Ukitoka Malindi hadi Vuga kwa miguu hata dakika 20 hazitimii, labda ukisimama kusalimiana, na utasimama. Katika eneo dogo kama hilo jina la mtaa halikwambii mengi. Nimeona nyumba mbili zinazotazamana kwenye kichochoro kimoja, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na moja inapita upepo mpaka mapazia yanacheza, ya pili ukiingia unahisi umefunikwa blanketi la maji. Moja mwenyewe anajulikana, ya pili ina warithi kumi na kitu, nusu wako Maskati, nusu Uingereza, na kila mmoja anasema kodi iletwe kwake. Miaka mingi nimekuwa nikikagua na kukarabati majumba haya, na wapangaji niliowaona wakijuta ni wale waliotafuta mtaa kwanza, nyumba ikaja baadaye. Kwa hiyo nitakupitisha mitaani upesi, halafu tukae kwenye nyumba.

Shangani ni ncha ya rasi, bahari imeizunguka, na karne ya 19 balozi za kigeni zilipanga huko. Hadhi ipo, hakudanganyi dalali. Lakini hadhi hiyo siku hizi inalipiwa kwa dola na watu wanaokaa siku tatu. Nyumba baada ya nyumba imekuwa hoteli, na ukitaka kibiriti au kilo ya unga unapita maduka matano ya picha za Tingatinga na vikoi kabla hujakipata. Usiku bustani ya Forodhani kuna moshi wa mishikaki mpaka saa tano, na Februari tamasha la Sauti za Busara likiwa Ngome Kongwe ngoma utazisikia kitandani. Mimi napenda ngoma. Mwanao mwenye pumu hatapenda moshi. Baghani, iliyojificha nyuma ya Shangani, ina utulivu zaidi na nyumba nzuri sana, lakini nyingi nazo zimeshakuwa za wageni. Ukibahatika kupata moja yenye familia chini na familia juu, nenda kaione, usiipuuze kwa sababu yangu.

Sokomuhogo, Kajificheni na Hamamni ndio tumbo la mji. Hapo watu bado wanaishi kweli. Asubuhi watoto wa skuli wanapishana na wauza mikate ya boflo, jioni wazee wamekaa barazani na kahawa chungu, na pale kijiwe cha kahawa cha Jaws Corner siasa haiishi hata kama uchaguzi uko miaka minne mbele. Nikitafuta nyumba ya kijana mwenye afya ningempeleka huko bila kufikiri mara mbili. Kwa mama yako nasita, na sababu yake ni magurudumu, nitaifikia.

Hurumzi na Kiponda. Hurumzi njia yake kubwa ni ya maduka ya watalii, lakini ukipinda kushoto au kulia hatua 50 tu unakuta nguo za watoto zimeanikwa. Kiponda, ndugu zako wamesema kweli, kuna giza. Nyumba ni ndefu, ghorofa tatu, nne, na vichochoro vyembamba. Lakini walioujenga mji hawakukosea vipimo: njia nyembamba kati ya kuta ndefu ina kivuli saa sita mchana, na Januari, kaskazi inapochoma, ukiingia Kiponda kutoka Darajani unahisi umefunguliwa mlango wa friji. Giza hilo ni la chini tu. Ghorofa ya tatu kuna jua la kukaushia iliki. Ugomvi wangu na Kiponda ni wa vyumba vya chini, na huo ninao binafsi.

Nilipooa, nilipanga chini huko, chumba na ukumbi. Ilikuwa Januari, kuta zimepakwa rangi mpya ya mafuta, zinang'aa, mwenye nyumba ananionesha kwa fahari. Masika ilipoingia rangi ikaanza kuvimba kama maandazi. Ukiminya kipovu kinapasuka, ndani unga mweupe: chumvi. Koti langu la harusi nililitoa kabatini Mei limeota ukungu wa kijani mgongo mzima. Mtoto wetu wa kwanza alikohoa hadi tulipohama. Wakati huo sikuwa najua chochote kuhusu nyumba za mawe, nilikuwa najua kusoma rangi tu.

Malindi. Fujo ipo, ila ina saa zake. Boti zikiingia na kutoka kuna hamali, mizigo, teksi, na kila mtu anapiga kelele. Karibu na diko la samaki harufu utaizoea au hutaizoea. Lakini boti ya mwisho ikishaondoka, nyuma ya barabara kuna mtaa mkongwe wa familia zilizokaa vizazi, na msikiti wake wenye mnara wa umbo la pia, aina ambayo Afrika Mashariki utazihesabu kwa vidole. Watu wa Malindi wanajuana. Mtoto akipotea pale hafiki mbali kabla hajashikwa mkono na bibi wa mtu akaulizwa ni wa nani. Na wewe kazi yako iko hapo hapo. Kinachonifanya niiweke ya pili ni vumbi na moshi wa malori ya bandarini, kwa ajili ya yule mdogo. Kama utapata nyumba iliyo ndani, mbali na barabara ya bandari, basi kwangu inalingana na Mkunazini.

Upande wa Darajani, yaani Mchangani, Kokoni na nyumba zilizo juu ya maduka, ni rahisi kwa sokoni kuliko kote. Soko lile limejengwa 1904 na bado ndilo linalolisha mji. Lakini angalia ardhi. Mashariki ya mji palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha mji wa mawe na Ng'ambo, ndiyo maana kule kukaitwa ng'ambo na huku kukaitwa darajani, maana palikuwa na daraja. Mkono ule ulifukiwa karne iliyopita, lakini ardhi bado iko chini. Masika ikinyesha kwa nguvu saa mbili mfululizo, maji yanatafuta njia ileile ya zamani. Nyumba yoyote unayoonyeshwa upande huo, tazama kizingiti cha mlango. Kama wenyewe wamejenga kijiukuta cha saruji cha kukanyaga juu yake ndipo uingie, usiulize kwa nini. Umeshajibiwa.

Sasa Vuga. Vuga ni ya enzi ya Waingereza zaidi: jengo la zamani la Mahkama Kuu liko huko, kazi ya Sinclair, msanifu majengo yule yule aliyechora na jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja, na nyumba za kuishi zina bustani, barabara pana, na mahali pa kuweka gari. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Usiku mtoto akibanwa na kifua, hilo litakuwa na thamani kuliko mlango wa nakshi. Kusi likianza kuvuma, kuanzia Juni, upepo unaingia kwa upande huo bila kizuizi. Kasoro zake ni mbili. Jioni ofisi zikifungwa panakuwa pakavu, hakuna baraza, hakuna kelele za watoto, na mama yako anaweza kukaa siku nzima bila kuona mtu wa kumwamkia. Na nyumba hazipatikani kirahisi, aliye nazo hatoki.

Ndiyo maana nakuelekeza mpakani, pale Vuga inapogusa Mkunazini. Mkunazini ndiko liliko kanisa kuu la Anglikana, lililoanza kujengwa 1873 juu ya lililokuwa soko la watumwa, kwa hiyo mchana makundi ya watalii ni mengi kwenye lango lake. Lakini watalii wanakuja kanisani na kuondoka. Vichochoro vya nyuma yake, vinavyoshuka kuelekea Mnazi Mmoja, vina familia, vina duka la vitu vidogo vidogo kila kona, na kutoka mlangoni hadi barabara ya magari ni hatua chache.

Hapo ndipo penye suala la magurudumu. Ukiacha Vuga, gari lenu halitaingia vichochoro vya Mji Mkongwe, litabaki pembeni, na kusema kweli mtakuja kuliuza. Vespa na baiskeli zinapita, mkokoteni unapita baadhi ya njia, basi. Wakati wa kuangalia nyumba, simama mahali pa mwisho ambapo teksi inaweza kufika, halafu hesabu hatua hadi mlangoni. Mimi kwa mtu mzima mwenye magoti huwa sipitishi hatua 150. Hesabu hiyo utaikumbuka siku ya kubeba mtungi wa gesi, siku mama amezidiwa saa nane usiku na dereva anakwambia "mimi nakungoja hapa", na siku ya kuhamia. Niliwahi kuona kabati la milango mitatu limekwama kwenye kona huko Sokomuhogo, haliendi mbele wala halirudi nyuma, mtaa mzima umesimama kutoa ushauri. Mwishowe aliitwa seremala akalikata pale pale njiani. Kwa hiyo pima na kabati lako kabla ya kulipakia kwenye boti.

Tuje ndani ya nyumba, na hapa nakuomba usome taratibu, maana mama na mtoto wanavutana pande mbili. Magoti ya mama yanataka chini. Kifua cha mtoto kinataka juu.

Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, kuta nene kweli kweli, na nyingi hazina kitu chochote cha kuzuia unyevu usipande kutoka ardhini. Unyevu unapanda na chumvi yake. Watu wa zamani walijua, ndiyo maana chini waliweka ghala, duka, wageni wa biashara; wenyewe walilala juu. Chokaa kazi yake ni kuuachia unyevu utoke, ukuta unapumua. Halafu ikaja saruji. Fundi akiona ukuta unamomonyoka anaupiga plasta ya saruji, ngumu, laini, nzuri kwa macho. Unyevu ukizibwa chini unapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na unachukua plasta pamoja nao. Rangi ya mafuta inafanya vile vile, kama ile ya kwangu Kiponda.

Kwa hiyo ukiingia chumba cha chini, usitazame juu. Tazama ukuta kuanzia sakafuni hadi kiunoni. Ukiona mstari mweupe wa chumvi, huyo ni mkweli, unajua unachopata. Ukiona vigae vipya vimebandikwa ukutani hadi kiunoni sebuleni, mahali ambapo hakuna bomba wala jiko, muulize mwenye nyumba chini ya vigae kuna nini, kisha umtazame usoni anavyojibu. Sogeza kabati ukaguse ukuta wa nyuma kwa kiganja. Pua nayo usiidharau: harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi haifichwi na udi, ingawa wengine hufukiza kabla hujafika.

Chini kwa hiyo kwa mtoto huyo sikushauri, isipokuwa Vuga kwenye nyumba zilizoinuliwa juu ya msingi, au nyumba yenye ua wa ndani mpana unaoingiza jua na hewa. Juu sana kwa mama haiwezekani. Kilichobaki ni ghorofa ya kwanza, na hapo kinachoamua ni ngazi. Ngazi za nyumba za Kiarabu mara nyingi ni za mawe, pana kiasi, lakini vidato vyake ni virefu, na mara nyingi havilingani. Kimoja kifupi, cha pili kama cha kupandia punda. Za nyumba za maduka za Wahindi ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima, na mara nyingi mahali pa kushika ni kamba. Za majengo ya Kiingereza ndizo zenye huruma: kidato kifupi, kizingo cha kupumzikia katikati, mkono wa mbao. Chukua futi ukapime. Kidato cha sentimita 17 au 18 mama atapanda akilalamika. Kikizidi 20 atapanda siku ya kwanza, kisha hatashuka tena. Atakuwa mfungwa wa ghorofani, anaitazama barabara kupitia dirishani. Hilo nimeliona nyumba nyingi kuliko kuta zenye chumvi.

Ukishapenda ngazi, omba kuonyeshwa chumba kilicho chini ya choo. Watakushangaa. Wewe sema tu mzee wa Unguja kasema. Dari za nyumba hizi zimebebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba: upana wake ni urefu wa boriti, kama mita 3 hivi. Vyoo na mabafu ya ghorofani mengi yaliongezwa baadaye kwa mabomba ya plastiki, na bomba likivuja maji yanaingia pale kichwa cha boriti kilipozama ukutani. Huko ndiko kunakooza, mahali usipopaona. Boriti katikati inaonekana nzima kabisa, imepakwa rangi nyeusi ikapendeza, kumbe mwisho wake ni kama keki. Chukua kisu kidogo, dunga karibu na ukuta. Kikigoma, vizuri. Kikiingia kama kwenye papai, shukuru, aga, ondoka. Kama kuna nyufa, si kila ufa ni hatari, nyumba ya miaka 150 haikosi mikunjo usoni. Mafundi hupaka kipande cha plasta juu ya ufa na kuandika tarehe. Ukiona kipande hicho kimepasuka upya, nyumba inatembea.

Usidhani natia chumvi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, fahari ya mji mzima, na lilikuwa ndani ya ukarabati. Siku ile nilikuwa mjini. Vumbi lilivyotanda Forodhani, watu walisimama tu, hakuna aliyekuwa na neno.

Tangi la maji nalo uliulizie liko wapi. Maji ya bomba huwezi kuyategemea yapande ghorofani, kwa hiyo kila nyumba ina tangi na pampu. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja, na nimekuta yamewekwa juu ya dari ya boriti katikati ya chumba, mahali penye udhaifu kuliko pote, na watoto wamelala chini yake. Linatakiwa likae kwenye pembe, juu ya ukuta. Na ujue pampu inataka umeme. Wenyeji tuliokuwepo Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa miezi mitatu bila umeme, tunakumbuka nani alikuwa na kisima uani na nani alipanda na ndoo. Kama nyumba ina kisima, hata kama maji yake ni ya kufulia tu, hesabu hilo kama chumba cha ziada.

Kuhusu mwenye nyumba nitakuwa mfupi, ingawa kesi ndizo nyingi hapa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilikwenda serikalini. Nyingine ni za wakfu, zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Zilizobaki ni za watu binafsi. Zote zinapangishwa, lakini anayekupangisha ndiye wa kumchunguza. Mara nyingi anayekuonyesha nyumba ya serikali au ya wakfu ni mpangaji kama wewe, analipa kidogo na anataka akukodishe kwa kikubwa, pamoja na kilemba juu yake, yaani pesa ya kukuachia nyumba. Siku akigombana na wenyewe, wewe ndiye unayetolewa vyombo nje. Taka kuona mkataba wake. Usilipe miezi sita wala mwaka mbele kabla hujapita kwa sheha wa shehia, yaani kiongozi wa serikali hapo mtaani. Hata hivyo lazima uende kujitambulisha kwake, basi nenda mapema umuulize na nyumba ni ya nani. Sheha anajua, na kama hajui anajua bibi anayejua.

Na mume wako asije na mpango wa kubadilisha dirisha, kutoboa ukuta wa mbele au kutundika kiyoyozi upande wa barabara. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na kazi kama hizo zinataka kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Mwenye nyumba akikwambia "wewe fanya tu", faini haitamfuata yeye.

Waliokushauri Ng'ambo usiwaone wabaya. Kikwajuni na Kisiwandui ni kuvuka barabara tu, gari linafika mlangoni, chini pakavu zaidi, kodi ina huruma. Ila kama utaangukia kwenye zile fleti ndefu za Michenzani, zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ulizia ghorofa. Ngazi za huko nazo ni ngazi. Kama magoti ya mama yameshafika hatua ya kutumia fimbo ndani ya nyumba, mimi mwenyewe ningekuambia uende Kikwajuni, uwe unakuja mjini kwa miguu jioni kunywa urojo. Hujaniambia kama anatumia fimbo.

Nakuomba lakini usije mwezi wa sita ukiwa na mizigo. Juni mvua imeshapita, kusi linavuma, kuta zimekauka, kila nyumba inapendeza. Ni sawa na kumwona mtu siku ya harusi yake. Njoo Aprili, katikati ya masika, hata siku mbili. Nyumba utakayoipenda iendee mara tatu. Alfajiri, usikie misikiti iko karibu kiasi gani na kama mtoto ataamka. Saa saba mchana, uone joto na nani yuko nyumbani. Saa tatu usiku, uone kichochoro kina taa au hakina, na wanaokaa barazani ni akina nani. Ukiwakuta wazee na kahawa, salimia, kaa, usitaje nyumba haraka. Ukishapewa kikombe cha pili ndipo uulize: waliokuwa wakikaa pale juu walihamia wapi, na kwa nini? Dalali hawezi kukujibu hilo, na wao hawatakuficha.

Mama yako njoo naye. Mpandishe ngazi polepole, usimshike mkono, usimwambie unampima. Hesabu amepumzika mara ngapi. Kisu, futi na tochi nitakuja navyo mimi.